"Kinachopumua" na "Kisichopitisha Maji": Uhakiki wa Istilahi za Vitambaa vya Bembea ya Kulalia

Miongoni mwa maandishi yanayohitaji kufasiriwa kwa Kiswahili, yale yahusuyo bidhaa za madukani ndiyo yanayodharauliwa kuliko yote. Mfasiri anayekabidhiwa mswada wa sheria au kitabu cha afya hujua kwamba amebebeshwa mzigo mzito. Lakini yule anayekabidhiwa karatasi ya maelezo ya hema, jiko au koti la mvua hudhani kuwa kazi hiyo ni ya dakika chache. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo si sahihi. Tutaichunguza karatasi moja fupi iliyofasiriwa kutoka Kiingereza, ihusuyo kile kitanda cha kitambaa kinachofungwa baina ya miti miwili na wasafiri walalao porini. Jina la mwuzaji na la mfasiri hayatuhusu hapa, kwani makosa yaliyomo si ya mtu mmoja. Ni makosa yaliyokwisha kuenea.

Sentensi tutakazozihakiki ni hizi nne:

(a) "Machela hii imetengenezwa kwa kitambaa kinachopumua na kukinga maji."
(b) "Machela isiyopenya maji hukuweka mkavu usiku kucha."
(c) "Mvua ikinyesha, funga chandarua juu ya machela."
(d) "Uwezo wa kitambaa: 3,000/5,000."

Msomaji atakayezipitia kwa haraka hataona kasoro kubwa. Kila neno ni la Kiswahili, na sarufi, isipokuwa mahali pamoja, haikukosewa. Hata hivyo, mtu atakayenunua na kukitumia kitanda hicho kwa kuzifuata sentensi hizi ataamka asubuhi ameloa chapa, na hatajua maji yametoka wapi.

1. Jina la kitu chenyewe

Kitanda hiki asili yake ni Marekani ya kitropiki. Christopher Columbus na wenzake walipofika visiwa vya Bahama mwaka 1492 waliwakuta wenyeji wakilala katika nyavu za pamba zilizotundikwa, na jina lake katika lugha nyingi za Ulaya limetokana na neno la Wataino, watu wa visiwa vile. Yafaa jambo hili likumbukwe, kwa kuwa linatuonyesha kwamba kitu hiki kilizaliwa kikiwa wavu. Hewa kupita chini ya mwili wa mlalaji haikuwa bahati. Ilikuwa ndiyo faida yake katika nchi za joto. Baadaye mabaharia wa Ulaya walikichukua wakakishona kwa turubai, na katika karne ya 20 kikaanza kushonwa kwa nailoni na poliesta.

Mfasiri wetu amekiita "machela". Neno hili tumelipata kwa Wareno, ambao katika bonde la Zambezi waliliita "machila" lile pazia lililofungwa kwenye mti mmoja mrefu, wapagazi wakaubeba begani, na bwana mkubwa amelala ndani. Kwa umbo, basi, machela ya zamani ni ndugu wa karibu wa kitu tunachokizungumzia. Lakini lugha haikusimama. Leo machela ni chombo cha hospitali na cha watu wa huduma ya kwanza, cha kumchukulia mgonjwa au majeruhi. Msafiri akiambiwa atandaze machela msituni, swali la kwanza litakuwa: nani ameumia?

"Susu" nalo limewahi kufikiriwa. Umbo lake lakaribia, maana ni wavu wa kamba unaoning'inia. Lakini susu ni la kuwekea vyombo na vyakula visifikiwe na paka na panya, wala hakuna alalaye ndani yake. Limebaki neno "bembea", au "pembea" kama wasemavyo wengine. Hili lina kasoro ya kufikirisha mchezo wa watoto, lakini kasoro hiyo huondoka mara tu tunapoongeza kazi yake: "bembea ya kulalia". Jina hili laeleza namna kinavyoning'inia na kazi kifanyayo, na halimpeleki mtu hospitalini. Ndilo tutakalolitumia.

2. "Kitambaa kinachopumua"

Wako wanaolikataa neno hili kwa sababu kitambaa hakina mapafu. Hoja hiyo ni dhaifu, nasi hatuiungi mkono. Kiswahili hakijapata kuona haya kuviazima viumbe visivyo na uhai viungo na matendo ya mwili: meza ina miguu, chupa ina mdomo, moto hula nyumba, na nguo ya pamba hunywa maji. Kama tungekataa kila sitiari, lugha yetu ingekuwa maskini kuliko ilivyo.

Kasoro ya "kinachopumua" ni nyingine. Kupumua ni kuvuta hewa ndani na kuitoa nje. Kwa hiyo msomaji anayeambiwa kwamba kitambaa kinapumua huelewa kwamba kinapitisha hewa, yaani upepo. Lakini sivyo maana ya istilahi hiyo katika ufundi wa vitambaa. Kinachosemwa pale ni kupita kwa mvuke wa maji, hususan mvuke utokao katika ngozi ya mtu. Mambo haya mawili si mamoja, na bembea ya kulalia yadhihirisha tofauti yake waziwazi.

Mtu mzima, hata akiwa amelala bila kutokwa na jasho la kuonekana, hutoa maji kwa njia ya ngozi na pumzi usiku kucha. Maji hayo hutoka yakiwa mvuke. Mvuke ukikutana na kitu cha baridi hugeuka kuwa matone, kama tuonavyo chini ya kifuniko cha sufuria kinapofunuliwa. Katika bembea ya kulalia kitambaa humkumbatia mlalaji chini na ubavuni, na upande wa nje hupigwa na upepo wa usiku ukakipoza. Kama kitambaa hicho kinapitisha mvuke, unyevu hutoka na mlalaji hubaki mkavu. Kama hakipitishi, unyevu hukusanyika ndani, na nguo na blanketi huloa bila hata tone moja la mvua kunyesha.

Sasa tutazame aina tatu za vitambaa vinavyopatikana sokoni:

(i) Kitambaa cha pamba au cha nailoni kisichopakwa kitu. Hiki hupitisha hewa na hupitisha mvuke.

(ii) Kitambaa kilichoambatishwa na utando wenye vitundu vidogo mno. Utando ulio mashuhuri zaidi ulitokana na ugunduzi wa Robert Gore nchini Marekani mwaka 1969, nao huuzwa kwa jina la Gore-Tex. Vitundu vyake ni vidogo kuliko tone la maji mara maelfu, lakini ni vikubwa kuliko chembe ya mvuke. Basi mvuke hupita, tone halipiti, na upepo nao kwa sehemu kubwa huzuiwa.

(iii) Kitambaa cha nailoni kilichopakwa silikoni. Hiki hakipitishi tone, wala upepo, wala mvuke.

Neno "kinachopumua" hutumiwa kwa aina ya kwanza na ya pili bila ya kubagua. Lakini msafiri alalaye pwani mwezi wa Februari ataka upepo upite chini yake, na msafiri alalaye milima ya Usambara mwezi wa Juni ataka upepo uzuiwe ila mvuke utoke. Wote wawili wakisoma "kinachopumua" watadhani wameahidiwa wanachokihitaji, na mmoja wao atakuwa amedanganyika. Istilahi ambayo haiwezi kuvitenganisha vitu viwili ambavyo mtumiaji hana budi kuvitenganisha bado haijafaa kuwa istilahi.

Kwa bahati njema hatuna haja ya kuunda neno jipya. Kitenzi "pitisha" kinatutosha, mradi tukitaje kinachopitishwa: "kitambaa kinachopitisha hewa" na "kitambaa kinachopitisha mvuke". Kwa aina ya pili tutasema "kinachopitisha mvuke, kisichopitisha upepo". Wako watakaosema kwamba maneno hayo ni marefu. Twakubali, lakini urefu huo ndio bei ya ukweli, na ni bei ndogo.

3. Maji: kukinga, kukataa, kustahimili, kutopitisha

Katika sentensi (a) mfasiri amesema kitambaa "kinakinga maji". Hapa pana mtego ambao wengi wameunasa mguu. Kujikinga na mvua ni kujisitiri isikupate. Lakini kukinga maji ya mvua ni kuyatekea chombo, kama mama awekavyo ndoo chini ya mchirizi wa bati. "Kitambaa kinachokinga maji", kwa masikio ya Mswahili, ni kitambaa kinachoyapokea maji na kuyakusanya. Twaweza kusema kwa mzaha kwamba mfasiri amesema kweli pasipo kukusudia. Bembea ya kulalia ina umbo la mtumbwi; ikishonwa kwa kitambaa kisichopitisha maji na mvua ikaingia kwa juu, maji hayo hayana pa kutokea, nayo huyakinga sawasawa, pamoja na mtu aliyemo.

Katika sentensi (b) kosa ni la sarufi. "Isiyopenya maji" maana yake ni bembea ambayo haiingii ndani ya maji. Anayepenya ni maji, si kitambaa. Iliyokusudiwa ni "isiyopenywa na maji" au "isiyopenyeka". Lakini "isiyopitisha maji" ni bora zaidi, kwa kuwa kitenzi cha kusababisha hukiweka kitambaa mahali pake panapostahili: ndicho mlinda mlango, na ndicho kinachoruhusu au kinachokataza.

Pamoja na hayo, hata tukiisahihisha sarufi, bado sentensi (b) ni ya uongo. Kitambaa kisichopitisha maji hakichagui upande. Kinachoyazuia maji ya nje yasiingie huyazuia ya ndani yasitoke. Charles Macintosh wa Glasgow alipopata hataza mwaka 1823 ya kuunganisha vitambaa viwili kwa mpira, mvua ilikoma kuingia katika makoti. Lakini waliovaa walilalamika kuwa wanaloa kwa jasho lao wenyewe. Ufundi wa vitambaa tangu hapo umekuwa jitihada ya kujinasua na tatizo hilo. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, taasisi ya utafiti ya Shirley mjini Manchester ilitengeneza kitambaa cha pamba kiitwacho Ventile kwa ajili ya marubani walioanguka katika bahari ya baridi: kikiwa kikavu hupitisha mvuke, na kikiloa nyuzi zake huvimba na kuifunga mianya. Kitambaa cha namna hii mfasiri angekiitaje? Si sawa kukiita "kisichopitisha maji" bila ya kuongeza neno, kwani kwanza lazima kilowe, na hakizuii maji kwa muda usio na mwisho.

Kiingereza kina daraja tatu za uhusiano wa kitambaa na maji, na karatasi nyingi za Kiswahili huzifunga zote katika tita moja la "kukinga" au "kuzuia". Twashauri zitenganishwe hivi:

Daraja la kwanza ni kitambaa ambacho uso wake umetiwa dawa, maji yakidondoka hugeuka ushanga yakateleza, kama juu ya jani la myugwa. Hiki ni kitambaa kinachokataa maji. Dawa hiyo huchujuka kwa kufuliwa na kusuguliwa, na ikichujuka, kitambaa hutota.

Daraja la pili ni kitambaa kilichofumwa kwa kubana kiasi cha kuzuia manyunyu au mvua ndogo kwa kitambo. Hiki ni kitambaa kinachostahimili maji. Kitenzi "stahimili" chafaa kwa sababu chenyewe chabeba wazo la mwisho wa uvumilivu: avumiliaye leo aweza kushindwa kesho.

Daraja la tatu ni kitambaa kisichopitisha maji, na neno hili litumike tu panapokuwa na kipimo kinacholithibitisha.

4. Chandarua na turubai

Sentensi (c) yasema: mvua ikinyesha, funga chandarua juu. Mfasiri hakubuni. Wazee wetu waliliita chandarua pazia lolote lililotandazwa juu kwa ajili ya kivuli, na kamusi za zamani zinalo neno hilo kwa maana hiyo. Lakini leo, baada ya miaka mingi ya kampeni za kupiga vita malaria, chandarua ni wavu wa kuzuia mbu, na hakuna mtoto wa shule asiyejua. Msafiri atakayeifuata sentensi hii atafunga wavu juu ya bembea na kuingojea mvua.

Kosa hili ni kubwa kuliko yale mengine, kwa kuwa hapa ndipo ilipo siri ya kulala mkavu. Kazi ya kuzuia mvua si ya kitambaa anacholalia mtu. Ni ya paa linalotandazwa juu, mbali na mwili, ili hewa ipite baina yake na mlalaji. Jeshi la Marekani lilifahamu hivyo katika Vita vya Pili vya Dunia: bembea zake za msituni zilikuwa na paa la kitambaa kilichotiwa mpira na pande za wavu wa mbu. Vitambaa viwili, kazi mbili, na majina mawili. Kwa hiyo tuliite la juu "turubai la juu", hata likiwa la nailoni nyepesi, na "chandarua" tukiache kwa mbu. Isisahauliwe pia ile kamba fupi inayofungwa kwenye kamba kuu ili maji yanayotiririka kutoka mtini yadondoke kabla ya kufika kitandani. Hiyo twaweza kuiita "kamba ya mchirizi".

5. Tarakimu zisizo na vipimo

Sentensi (d) ni tarakimu mbili tupu. Katika karatasi ya Kiingereza tarakimu hizo zilikuwa na vipimo, na mfasiri ameviacha, pengine kwa kudhani kwamba havina maana kwa msomaji wake. Kinyume chake ndicho kweli.

Tarakimu ya kwanza ni kimo cha maji kwa milimeta. Katika jaribio lililoelezwa na kiwango cha kimataifa ISO 811, kipande cha kitambaa hukandamizwa kwa maji ambayo kani yake huongezwa polepole, mpaka maji yapenye mahali patatu. Kani ya wakati huo huandikwa kama kimo cha safu ya maji. Kitambaa cha 3,000, basi, chahimili safu ya maji yenye kimo cha meta 3. Tarakimu ya pili ni gramu za mvuke zinazopita katika meta moja ya mraba kwa saa 24. Hapo kubwa ni bora kwa anayetaka kukauka.

Hivyo tarakimu moja yapima kuzuia na nyingine yapima kuruhusu. Kuziandika bega kwa bega pasipo vipimo ni sawa na kumwambia mtu kwamba gunia ni "90/40" bila kusema ipi ni kilo na ipi ni bei. Kanuni yetu iwe moja: tarakimu ya kiufundi isifasiriwe bila kipimo chake, na kipimo kiandikwe kwa maneno kamili japo mara moja katika kila andiko.

6. Kwa nini jambo hili lawahusu watumishi wa umma

Msomaji aweza kuuliza kama kitanda cha mwituni ni jambo la kumshughulisha mtumishi wa Serikali. Twajibu kwamba maneno haya hayakai katika bembea tu. Yamo katika mahema ya dharura, makoti ya walinzi wa misitu, viatu vya wapimaji ardhi, na mashuka ya hospitali. Tuseme ofisa wa ugavi ameandika katika hati ya zabuni kwamba ahitaji bembea mia moja "za kitambaa kisichopitisha maji" kwa walinzi watakaolala msitu wa Udzungwa wakati wa masika. Mwuzaji ataleta bembea mia moja za nailoni iliyopakwa silikoni. Wakaguzi watazimwagia maji, hayatapita, na malipo yatafanywa. Walinzi watalala katika umande wao wenyewe, na usiku wa milimani mtu aliyeloa hupoteza joto upesi hata kuhatarisha maisha yake. Watakapolalamika, mwuzaji ataonyesha hati, na hati itamtetea. Hakuna atakayekuwa amevunja sheria. Neno moja tu litakuwa limekaa mahali pasipo pake.

Kama ofisa huyo angeandika "bembea za kulalia za kitambaa kinachopitisha mvuke, kila moja na turubai lake la juu lisilopitisha maji, lenye kimo cha maji kisichopungua milimeta 1,500", pasingekuwa na nafasi ya udanganyifu wala ya kutoelewana.

7. Mapendekezo

Kwa kuyazingatia hayo, twapendekeza istilahi zifuatazo zijadiliwe:

Bembea ya kulalia: kitanda cha kitambaa au wavu kinachotundikwa ncha zake mbili.

Turubai la juu: paa la kuzuia mvua linalotandazwa juu ya bembea au hema.

Kamba ya mchirizi: kamba fupi ya kuyadondosha maji yanayofuata kamba kuu.

-a kupitisha hewa: chenye kuruhusu upepo kupita.

-a kupitisha mvuke: chenye kuruhusu mvuke wa mwili kutoka, hata kama kinazuia upepo.

-a kukataa maji: chenye uso unaotelezesha matone.

-a kustahimili maji: chenye kuzuia maji kidogo kwa muda.

-siopitisha maji: chenye kuzuia maji kwa kipimo kilichotajwa.

Kimo cha maji: kipimo cha uwezo wa kitambaa kuzuia maji, kwa milimeta.

Hatuwakatazi wauzaji kusema katika matangazo yao kwamba kitambaa kinapumua. Soko lina lugha yake, na sitiari hiyo huenda ikaota mizizi. Tunachokidai ni kwamba katika hati za zabuni, katika viwango na katika vitabu vya shule, kila neno lijibu maswali matatu: kinachopita ni kitu gani, kinaelekea upande upi, na kwa kiasi gani. Mfasiri ajizoezaye kuuliza maswali hayo hatakosea sana, hata akikutana na kitambaa ambacho sisi hatujakiona.

Walimu wa sayansi kimu, mafundi cherehani, mabaharia na wote wanaozifahamu kazi hizi twawaomba watuletee maoni yao, hasa pale ambapo katika sehemu zao liko neno bora kuliko tulilolipendekeza. Neno litumiwalo tayari na watu wanaokijua kitu chenyewe lina haki ya kutangulia lile lililotungwa mezani.